Mama Birika na Birika la Mgeni

Mama Birika alikuwa na hasira tangu asubuhi mabango yalipoanza kutundikwa, na ukitaka ukweli, alikuwa na haki yake.

Mabango yenyewe yalikuwa mazuri, hilo hakulikataa. Yalining'inia kwenye ngazi zote za Kitivo cha Sanaa, mekundu yenye maandishi ya dhahabu: WIKI YA TAMADUNI ZA ASIA. Chini yake ilikuwapo ratiba. Jumatatu, kuandika kwa brashi na wino kama waandikavyo Wachina. Jumanne, ngoma za Wakorea. Jumatano, wachezaji wa Kihindi na njuga zao miguuni. Alhamisi, filamu kutwa nzima. Na Ijumaa, kwa herufi kubwa kuliko zote, Chai ya Kijapani, itakayoandaliwa na Mwalimu wa Chai kutoka huko huko Japani. Mahali: Chumba cha Chai, ghorofa ya pili, mwisho wa korido.

Sasa Chumba cha Chai kilikuwa chake. Si kwa hati, hapana, bali kwa jasho. Kilikuwa na jiko la gesi la mafiga mawili, sinki la saruji, rafu ya vikombe vilivyopangwa midomo chini, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Sakafu ilikuwa ya mbao, ya mwisho kubaki katika jengo zima baada ya ofisi nyingine kuwekwa vigae. Alianza kazi humo kitinda mimba wake akiwa mgongoni, na sasa huyo mtoto ana mume na mji wake. Wakuu wa kitivo walikuja na kuondoka, rangi za kuta zilibadilishwa, na chai iliendelea kutoka mlango ule ule asubuhi na alasiri.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Chuoni aliitwa Mama Birika tangu siku mhadhiri mmoja alipoingia jikoni kwake na viatu vya tope, akafunua sufuria ya maziwa bila hodi, akatimuliwa korido nzima na mwanamke mwenye birika la maji ya moto mkononi. Hakumwagiwa hata tone. Lakini kuanzia hapo watu walijifunza kubisha, na yeye akapata jina. Alilipenda, ingawa hakuwahi kukiri.

Aliyemletea habari ni karani wa Mkuu wa Kitivo, msichana nadhifu ambaye watu walimwita Dada Ratiba kwa sababu hakuwa na neno lingine kinywani. Alifika mlangoni amekumbatia faili kifuani kama ngao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kwa nini?"

"Maana wewe na huku mwisho wa korido mmekutana lini?"

Dada Ratiba akaeleza. Chumba kitahitajika kwa Wiki ya Asia. Ndicho pekee chenye sakafu ya mbao, maji na dirisha zuri. Rafu zitaondolewa, mikeka itatandikwa, kuta zitapakwa rangi upya.

"Wiki moja si neno," alisema Mama Birika. "Nitapikia hata chini ya ngazi."

"Ila wiki ikiisha, mama, chumba kitabaki hivyo hivyo. Kitaitwa Kituo cha Chai na Urafiki. Na chai ya wafanyakazi..." Alitazama faili lake. "Italetwa mashine. Unabonyeza tu, inatoka. Hata kahawa inatoa."

"Na mimi nitabonyezwa wapi?"

"Wewe utahamia bustanini. Kikosi cha usafi wa nje. Mshahara hautaguswa, mama, hilo nimehakikisha mwenyewe."

Mama Birika hakujibu. Waliomjua walijua kwamba akipayuka kuna usalama, na akinyamaza tafuta mlango. Dada Ratiba aliutafuta, akaondoka mbio mbio, visigino vikilia kama vya mtu anayefukuzwa.

Nyumbani mumewe, fundi viatu, alimsikiliza huku akishona soli barazani. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake ndiyo iliyoiweka ndoa ile hai muda wote huo.

"Hasira zako zingekuwa gesi, mke wangu," alisema, "tusingejaza mtungi maishani."

"Usinichekeshe. Magoti yangu haya ya kufyeka majani?"

"Basi nenda kawaambie."

"Nimwambie nani? Yule?"

Yule alikuwa Mkuu wa Kitivo, na hapa ndipo hasira ilipokuwa na mizizi. Kabla hajawa Mkuu, kabla hajawa Profesa, alikuwa msaidizi kijana ambaye mshahara wake haukufika katikati ya mwezi. Alikuwa akija Chumba cha Chai mchana, wenzake wakiwa wameenda kula, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna chai iliyobaki. "Shikamoo, mama." Shikamoo yake ilikuwa tamu wakati ule. Mama Birika alimpa chai na mkate, tena uliopakwa siagi. Alipopanda cheo cha kwanza, shikamoo ikawa "habari, mama". Alipopanda cha pili, ikabaki "habari". Sasa ni Mkuu, na salamu imeota mbawa kabisa. Kilichosalia ni mkono unaonyooshwa kwenye trei huku macho yakiwa kwenye simu, na siku chai ikichelewa, sauti inayotoka ofisini: "Chai vipi huko?"

Kwa hiyo unaweza kuwaza damu ilivyomchemka Mama Birika siku ya mazoezi ya ile Chai ya Kijapani.

Mikeka ilikuwa imeshatandikwa chumbani kwake. Jiko lake lilisukumwa kona na kufunikwa kitambaa kama maiti. Wahadhiri walivua viatu, wengine wakaonyesha soksi zilizotoboka, wakapiga magoti huku mifupa ikialika. Mbele yao alikaa binti mmoja mwanafunzi aliyekuwa akisoma Kijapani, ambaye ndiye angekuwa mkalimani wa mgeni. Leo alishika nafasi ya mpika chai. Alimsogezea Mkuu bakuli.

Mkuu alilipokea kwa mikono miwili. Aliliinua, akalizungusha taratibu kwenye kiganja, akalitazama kwa unyenyekevu kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kisha akainama, akainama kweli kweli, paji la uso karibu kugusa mkeka, na akatamka kwa Kijapani neno la shukrani.

Bakuli lilikuwa tupu! Halikuwa na chai, halikuwa na maji, halikuwa na kitu! Mama Birika alisimama mlangoni na trei ya vikombe vilivyojaa chai ya moto aliyoipikia chini ya ngazi, chai ya kweli yenye maziwa, na Profesa mzima anasujudia hewa. Kumbe mgongo wake unapinda! Kumbe asante anaijua, tena ya lugha ya mbali! Miaka yote alikuwa akiiweka wapi?

"Mama, tupishe kidogo," alisema Dada Ratiba, akimgusa begani. "Mwalimu wa Chai, akiwa huko kwao Japani, anataka kuzungumza na wahusika. Tunamweka kwenye skrini."

"Wahusika."

"Ndiyo, mama. Ni maelekezo tu."

Mlango ukafungwa. Mama Birika akabaki koridoni na trei yake, akisikia sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikisema maneno asiyoyajua, na ya binti ikitafsiri maneno asiyoyasikia. Walipotoka, chai ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyo hivyo, na mmoja alilalamika.

Jumatatu ya Wiki ya Asia ilipofika, watu walikuwa wamejaa uwanjani kuchovya brashi kwenye wino na kupaka karatasi. Dereva wa chuo akapanda ngazi na sanduku la mbao lililofungwa kwa kitambaa, akaliweka mbele ya Mama Birika.

"La mgeni hili. Ameshuka leo alfajiri, yuko nyumba ya wageni anapumzika. Kesho ndiyo atakuja. Kasema lisikae penye unyevu."

"Lina nini?"

"Mimi nabeba tu, mama."

Alilifungua kwa sababu lilikuwa jikoni kwake, na kitu kilichoingia jikoni kwake alikijua ndani na nje. Ndani ya sanduku mlikuwa na birika la chuma, zito, jeusi, la zamani, lenye vijipele vidogo mwili mzima. Alilipenda papo hapo. Lilikaa mkononi vizuri, na mdomo wake ulichongwa na mtu aliyejua maji yanavyotaka kumiminika. Kisha akafunua kifuniko, akachungulia.

Ndani mlikuwa mchafu. Magamba meupe yameganda chini, madoa ya rangi ya kutu yamepanda kuta zote. Birika halijasuguliwa, pengine, tangu litoke kiwandani.

Hapa inabidi umwelewe Mama Birika. Alikuwa amenyang'anywa chumba, amenyang'anywa kazi, amefungiwa mlango mbele ya uso wake. Lakini mpaka Ijumaa jiko lilikuwa bado lake, na haikuwa imewahi kutokea chombo kichafu kitoke kwenye jiko lake kwenda mbele za watu. Wasije wakasema kwamba mgeni alitayarishiwa chai kwenye masizi na mwenyeji yupo anatazama. Kwa mtu wa kazi yake, hiyo ni fedheha kubwa kuliko kufukuzwa.

Akakunja mikono ya gauni. Akachukua steel wool, ile ya kusugulia masufuria yaliyoungua, akachukua sabuni ya unga, akachukua na ndimu. Akasugua. Kila alipomkumbuka Mkuu na bakuli tupu, alisugua zaidi. Kila alipokumbuka bustani, alikandamiza. Magamba yakatoka vipande vipande, kutu ikatoka na maji mekundu kama damu, na yeye jasho likimtiririka mgongoni akamalizia hasira zake zote mle ndani. Alipomaliza, ndani ya birika palimetameta. Alilikausha, akalirudisha kwenye sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu mabango yatundikwe akaenda nyumbani na moyo mwepesi.

Mwalimu wa Chai alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye mvi zilizobanwa nyuma na mwendo wa mtu asiyepoteza hatua. Nyuma yake walikuja Mkuu, Dada Ratiba na yule binti mkalimani. Bibi aliingia, akatazama mikeka, akatazama dirisha, akaridhika. Kisha akafungua sanduku, akafunua kifuniko cha birika.

Akafunika. Akafunua tena, kana kwamba mara ya kwanza macho yalimdanganya. Halafu akaketi chini polepole, birika mapajani, na uso wake ukawa mwekundu. Hakulia. Alikuwa na hasira, na Mama Birika aliitambua hasira ile kwa sababu ilikuwa ndugu na ya kwake.

Bibi alisema maneno machache. Binti mkalimani akatafsiri kwa sauti ndogo.

"Anauliza ni nani amefanya hivi."

"Amefanya nini?" aliuliza Mkuu.

"Ndani ya birika. Anasema ule ukoga uliotandazwa na maji ndio uhai wa birika. Ndio unaozuia kutu na kuyafanya maji yawe matamu. Anasema alipewa na mwalimu wake, na mwalimu wake alipewa na wa kwake. Hata kwa kidole hawakuwahi kupagusa."

Chumba kizima kikamgeukia Mama Birika. Alielewa mara moja. Hakuhitaji mkalimani kuelewa maana ya kuharibu chombo cha mtu cha kazi.

"Ni mimi," alisema.

Mkuu alikuwa tayari anainama, mikono imekutana kifuani. "Mwambie tunaomba radhi sana sana. Mwambie huyu ni mhudumu wa usafi tu, hajui lolote kuhusu mambo haya. Ataondolewa leo hii, hatamwona tena."

"Subiri usimwambie," Mama Birika alimkatiza binti. "Anza na langu." Akapiga goti mbele ya bibi. Hakufanya hivyo kama walivyofundishwa kwenye mazoezi. Alipiga goti tu, kwa sababu mwenzake alikuwa chini. "Mwambie hivi. Mama, nimekosa. Birika chafu kwangu mimi ni aibu ya mwenye jiko. Nililiosha nikidhani nakuheshimu. Sikujua kwamba lako halioshwi. Ningejua, nisingeligusa."

Binti akatafsiri lote. Bibi alimtazama Mama Birika, mikono yake hasa, ile mikono iliyobabuka kwa sabuni. Akauliza jambo, kwa ukali.

"Anauliza kwa nini hukujua," alisema binti. Kisha akaendelea, na sauti yake ilianza kupata nguvu. "Anasema siku ile kwenye skrini alieleza habari za birika kabla ya jambo lolote. Alisema mara mbili lisisuguliwe. Mimi ndiye niliyetafsiri. Anauliza kama hukuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Mama Birika. "Nje ya mlango."

Dada Ratiba alitazama vidole vya miguu yake. Bibi akauliza tena, na safari hii alimwelekea Mkuu. Walikuwemo watu wangapi? Walikaa wote? Wote walisikia? Na katika wote hao, hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenye moto? Mkuu alisema kwamba kulikuwa na mambo mengi ya kupanga. Alisema hivyo kwa njia tatu tofauti. Bibi akamwacha aseme mpaka akaishiwa.

Kisha akatoa hukumu yake, na usidhani alitabasamu. Sherehe itakuwepo. Lakini maji ya birika lile sasa yatakuwa na ladha ya chuma, na kesho litaanza kushika kutu. Njia ni moja, kulichemsha. Lichemshwe na majani ya chai ndani, limwagwe, likaushwe kwa moto, lichemshwe tena, kutwa nzima mpaka Ijumaa. Na aliyelisugua ndiye atakayechemsha.

"Kitambaa hicho kiondoeni juu ya jiko langu," alisema Mama Birika.

Siku zile zilikuwa kioja. Wanawake wawili wasioelewana neno hata moja walifungiwa chumba kimoja na birika, wote wawili wamenuna. Bibi hakuwa na majani mengine ila unga wa kijani wa chai ya sherehe, basi wakatumia majani ya Mama Birika yale yale ya chai ya wafanyakazi. Mama Birika akiwasha moto mkubwa, bibi anaupunguza. Bibi akigeuka, Mama Birika anauongeza na kusonya. Mara moja bibi alimpiga kofi la mkononi, na Mama Birika akamwambia kwa Kiswahili safi kwamba hata mama yake mzazi aliacha kumpiga kitambo. Bibi akamjibu kwa Kijapani, kwa kirefu. Nje ngoma za Wakorea zilirindima mpaka vioo vya dirisha vikatikisika, na wao waliendelea kugombana.

Lakini walikunywa chai pamoja. Bibi alimkorogea unga wa kijani kwa kifagio cha mwanzi. Mama Birika aliunywa, uso ukamkunjamana, na kwa heshima akamaliza. Yeye akampikia bibi ya maziwa na sukari nyingi. Bibi naye akakunja uso, akamaliza. Kisha kila mmoja aliosha kikombe chake.

Hilo la kuosha lilimgusa Mama Birika. Binti mkalimani, aliyekuwa akija kila baada ya kipindi, alimweleza kwamba kwenye chai ya Wajapani anayepika ndiye mwenye heshima, na yeye mwenyewe ndiye anayeosha vyombo, tena mbele za wageni. Mama Birika alikigeuza kikombe chake mdomo chini. Halafu akauliza kama na Mkuu aliambiwa hilo kwenye skrini.

"Aliambiwa," alisema binti.

"Na bado akaniandika bustanini."

Ijumaa chumba kilijaa. Makamu Mkuu wa Chuo alikaa mbele, mzee mwenye miwani aliyejulikana kwa kuuliza maswali mafupi. Pembeni yake Mkuu wa Kitivo, kisha wahadhiri, na mlangoni wapiga picha. Mama Birika alikaa kona, karibu na jiko, amevaa gauni lake la harusi za watu. Bibi alimimina maji, akakoroga, akasogeza bakuli. Mkuu alipokea, akazungusha, akainama, akanywa. Wale waliokaa karibu waliona alivyosita. Chuma kilikuwemo bado. Akasema ni tamu sana, na kamera zikamulika.

Bibi alipokwisha kuosha bakuli, Mkuu akasimama na hotuba yake. Alisema chumba hiki, kuanzia leo, ni Kituo cha Chai na Urafiki. Alisema wamemwomba mgeni awaachie birika kama kumbukumbu, na kwamba mgeni amekubali, na litakaa hapa kwenye kabati la kioo. Watu wakapiga makofi.

Bibi alisubiri makofi yaishe, akamwambia binti neno.

"Anasema hakukubali hivyo," alisema binti. "Anasema birika la kwenye kioo linakufa kwa kutu. Anasema alilichemsha kila siku maisha yake yote, na mwalimu wake kabla yake, na sasa limerudi mwanzo kabisa. Umri wake hautoshi kulianza upya. Analiacha kwa aliyelisugua. Anasema: umeliharibu wewe, litengeneze wewe. Kila siku, hapa hapa, kwenye moto uleule."

Haikuwa zawadi, na haikuwa msamaha, na Mama Birika hakuchukulia hivyo. Alimwinamia bibi kichwa, na bibi akamwinamia chake, na wote wawili bado walikuwa wamekunja uso.

Mkuu alikuwa hodari wa kuokoa mambo. Aligeukia kona na tabasamu ambalo Mama Birika hakuwahi kuliona tangu enzi za mkate wa siagi.

"Vizuri sana! Basi mama yetu hapa atakuwa anakuja kutuchemshia kila siku. Si ndiyo, mama?"

"Siwezi," alisema Mama Birika.

"Huwezi?"

"Jumatatu nahamia bustanini, Profesa. Bustanini hakuna jiko."

Hakuna aliyemwomba binti atafsiri, lakini alitafsiri. Bibi akauliza swali. Kabla binti hajalitamka kwa Kiswahili, Makamu Mkuu wa Chuo alishalitamka lake.

"Bustanini kufanya nini?"

"Ni mpango wa muda tu," alisema Mkuu. "Wa kuboresha huduma. Kutakuwa na mashine..."

"Nani kaupitisha?"

Mkuu alimtazama Dada Ratiba. Dada Ratiba, Mungu ambariki, alifunga faili lake na kutazama dirishani.

"Tutauangalia upya," alisema Mkuu.

"Uangalie sasa," alisema Makamu Mkuu. "Mgeni anasubiri jibu."

Basi ukaangaliwa upya pale pale, miguu ikiwa haina viatu. Mama Birika atabaki. Jiko litabaki. Mashine itapelekwa maktaba. Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza, na mpiga picha akamwomba Mama Birika ashike birika na Mkuu asimame karibu yake. Mkuu alisimama. Aliweka na mkono begani kwake, na Mama Birika akausubiri mpaka ulipoondoka.

Jioni alimkuta mumewe barazani anapigilia kisigino. Alimsimulia yote, mpaka kabati la kioo, mpaka mashine ya maktaba. Fundi viatu alicheka mpaka misumari ikamdondoka.

"Umewashinda, mke wangu! Umewashinda wote na elimu zao!"

"Nimewashinda nini?" Alikaa chini bila kuvua gauni. "Hebu niambie. Nimewapikia chai tangu mwanangu yuko mgongoni. Nikapika vizuri. Sikuwahi kuwanywesha chai mbovu hata siku moja. Walipotaka kunitupa nje, kuna aliyeuliza naenda wapi? Leo nimebaki kwa sababu nimeharibu kitu cha watu. Ningeliacha lile birika bila kuligusa, ningefanya kazi yangu bila kosa, Jumatatu ningekuwa nafyeka majani."

Mumewe aliinama, akaokota misumari yake mmoja mmoja.